Kompyuta Yajifunza Kusoma Picha za Matiti

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika mwaka 2022 peke yake wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo, na wapatao 670,000 walifariki kwa sababu yake. Wanaume nao huweza kuipata, ingawa ni wachache mno.

Kuhusu maradhi haya liko jambo moja lisilo na ubishi. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, kabla haujasambaa mwilini, matibabu huwa mepesi na matumaini ya kupona huwa makubwa. Ukigunduliwa baada ya kufika kwenye mifupa, mapafu au ini, madaktari huweza kurefusha maisha na kupunguza maumivu, lakini kuponya kabisa huwa ni jambo gumu sana. Kwa hiyo swali ambalo wanasayansi wamejiuliza kwa miaka mingi ni hili: tufanyeje ili tuuone uvimbe kabla mkono haujaweza kuugusa?

Jibu mojawapo ni picha ya eksirei ya titi, inayoitwa mamografia. Lakini picha haijisomi yenyewe. Hapana budi awepo mtaalamu wa kuitazama na kuamua, na wataalamu hao ni adimu hata katika nchi tajiri. Katika miaka ya karibuni kompyuta zimefundishwa kuwasaidia, kwa njia iitwayo ujifunzaji wa kina. Katika makala haya tutaeleza jinsi picha ya titi inavyosomwa, jinsi kompyuta inavyojifunza kuisoma, yaliyopatikana katika jaribio kubwa lililofanywa nchini Sweden, na mwisho tutazame maana ya mambo hayo kwa nchi zetu za Afrika Mashariki.

UGUMU WA KUSOMA PICHA YA TITI

Mwanamke anapopigwa picha hii, titi lake hubanwa kwa muda mfupi kati ya sahani mbili ili litandazike, kisha mionzi michache ya eksirei hupitishwa. Kila titi hupigwa picha mbili, moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni. Hivyo kila mwanamke huwa na picha nne.

Katika picha hizo mafuta huonekana meusi au ya kijivu, kwa sababu mionzi huyapenya kwa urahisi. Tezi za maziwa na nyuzinyuzi zinazozishikilia huonekana nyeupe. Shida iko hapa: uvimbe wa saratani nao huonekana mweupe. Zaidi ya hayo, dalili ya kwanza ya saratani huenda isiwe uvimbe, bali ni punje ndogo za chokaa zisizofikia hata milimita moja, zilizokusanyika mahali pamoja.

Msomaji aliyepata kumwona mama akichagua mchele katika ungo ataelewa upesi. Kokoto nyeusi huonekana mara moja hata kwa mtoto. Kokoto nyeupe ndiyo inayojificha kati ya punje, na ndiyo ivunjayo jino. Titi lenye mafuta mengi ni kama ungo wa dengu, ambamo kitu cheupe hujitokeza chenyewe. Titi lenye tezi nyingi, ambalo ndilo la wanawake wengi wenye umri mdogo, ni kama ungo wa mchele mweupe.

Tena kuna uchovu. Uchunguzi tunaouzungumzia hapa hufanyiwa wanawake wasio na dalili yoyote, ili kuwatafuta wachache wenye ugonjwa uliojificha. Katika nchi za Ulaya, kati ya wanawake 1,000 wanaopigwa picha, ni watano au sita hivi wanaogunduliwa kuwa na saratani. Mtaalamu hutazama picha 4,000 ili awapate wanawake hao watano. Jicho lolote huchoka, na jicho lililozoea kutoona kitu huweza kupitiwa hata kitu kinapokuwapo.

Kwa sababu hiyo, nchi nyingi za Ulaya zimejiwekea kanuni kwamba kila picha isomwe na wataalamu wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua mwenzake amesema nini. Wakitofautiana, shauri hujadiliwa. Mwanamke anayetiliwa shaka huitwa arudi kwa vipimo zaidi, na ikibidi huchukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe chini ya hadubini. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachoamua kama ni saratani au siyo.

Utaratibu huu una faida iliyothibitishwa. Mwaka 1977 lilianzishwa nchini Sweden jaribio kubwa katika majimbo ya Kopparberg na Östergötland. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 1985, yalionyesha kuwa vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa asilimia 31 miongoni mwa wanawake walioalikwa kupigwa picha, wakilinganishwa na wale ambao hawakualikwa. Lakini utaratibu wenyewe ni ghali, kwa kuwa unahitaji macho manne ya wataalamu kwa kila mwanamke mmoja.

JARIBIO LA KWANZA LISILOFANIKIWA

Fikra ya kuitumia kompyuta katika kazi hii si mpya. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliidhinisha chombo cha kwanza cha namna hiyo. Chombo hicho kilitegemea zaidi sifa zilizochaguliwa na binadamu. Waliokibuni walikaa na kufikiri dalili za saratani ni zipi, kama vile kitu cheupe chenye kingo zilizochongoka au punje za chokaa zilizosongamana, kisha wakaiandikia kompyuta kanuni za kuzitafuta. Kompyuta ilipoona kitu kilichofanana na maelezo hayo, ilitia alama.

Chombo hicho kilienea upesi hospitalini, lakini matokeo yake hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Mwaka 2007 ilitangazwa taarifa ya utafiti uliofanywa katika vituo 43 nchini Marekani. Utafiti huo ulionyesha kuwa vituo vilivyoanza kukitumia viliwaita wanawake wengi zaidi warudi, na idadi ya waliochukuliwa vipande vya nyama iliongezeka kwa karibu asilimia 20. Hata hivyo, saratani zilizogunduliwa hazikuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2015 utafiti mwingine mkubwa wa Marekani ulitoa hukumu kama hiyo.

Yafaa tulikumbuke somo hili. Chombo kilikuwa cha kisasa, kiliidhinishwa, kilinunuliwa kwa fedha nyingi, na wengi walikiamini. Ni upimaji wa makini, uliofanywa kwa wanawake wenyewe wala si maabarani tu, ulioonyesha kuwa hakikuleta faida iliyosemwa.

KOMPYUTA HUJIFUNZA NAMNA GANI?

Njia ya ujifunzaji wa kina ni tofauti. Hapa kompyuta haipewi kanuni za kutafuta saratani. Hupewa mifano mingi mno, ikaachwa ijitafutie yenyewe tofauti iliyopo.

Turudi kwenye ungo wa mchele. Mama anapomfundisha binti yake kuchagua mchele, hamwambii kwamba kokoto ina urefu fulani na pembe kadha. Humpa ungo. Binti akimaliza, mama hupitia na kumwambia, "Hii umeiacha, na hii uliyoitupa ilikuwa punje nzima." Kesho yake hufanya tena, na kesho kutwa tena. Baada ya muda jicho la binti hujua, ingawa yeye mwenyewe pengine hawezi kueleza limejuaje.

Kompyuta hufundishwa kwa mtindo huo. Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba tu. Kila nukta ya picha ina namba inayoonyesha weupe au weusi wake, na picha moja ya titi huwa na mamilioni ya nukta. Namba hizo huingizwa katika kile kinachoitwa mtandao wa nyuroni bandia. Jina hilo lisimtishe msomaji. Nyuroni bandia si kitu cha kushikika, ni hesabu ndogo tu: hupokea namba kadhaa, huzidisha kila moja kwa kiasi fulani kinachoitwa uzito, hujumlisha, kisha hupeleka jibu mbele. Nyuroni hizi hupangwa kwa matabaka, na jibu la tabaka moja huwa ndiyo malighafi ya tabaka linalofuata. Neno "kina" katika jina la njia hii lina maana hiyo tu, kwamba matabaka ni mengi.

Tabaka za mwanzo hutambua vitu sahili, kama vile mpaka kati ya weupe na weusi. Zinazofuata huunganisha mipaka hiyo kuwa mistari na miviringo. Tabaka za ndani zaidi hutambua maumbo na jinsi maumbo hayo yanavyokaa pamoja. Mwishoni hutoka namba moja inayoonyesha kadiri picha hiyo inavyostahili kutiliwa shaka.

Mwanzoni uzito wote huwekwa bila mpango, na kompyuta hubahatisha tu. Lakini kila picha ya mafunzo ina jibu linalojulikana, ama kwa kipimo cha hadubini, ama kwa kuwa mwanamke huyo alifuatiliwa kwa miaka kadhaa na hakupata ugonjwa. Jibu la kompyuta hulinganishwa na jibu la kweli, na kosa hupimwa. Kisha kosa hilo hurudishwa nyuma tabaka kwa tabaka, na kila uzito hurekebishwa kidogo ili safari ijayo kosa lipungue. Kazi hii hurudiwa kwa picha nyingi mno, mpaka makosa yawe machache. Baada ya hapo mtandao hupimwa kwa picha ambazo haujapata kuziona, kama mwanafunzi anayepewa mtihani usio na maswali aliyoyakariri.

Historia ya njia hii ni ndefu. Mwaka 1958 Frank Rosenblatt wa Marekani alieleza mashine sahili ya namna hii. Mwaka 1980 Kunihiko Fukushima wa Japani alibuni mtandao wa matabaka kwa kufuata mfano wa jinsi ubongo unavyopokea habari kutoka machoni. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walieleza kwa ufasaha jinsi ya kurudisha kosa nyuma. Hata hivyo, kompyuta za wakati huo zilikuwa na nguvu ndogo, na picha za mafunzo zilikuwa chache. Mwaka 2012 ndipo Hinton na wanafunzi wake wawili katika Chuo Kikuu cha Toronto waliposhinda kwa mbali sana mashindano ya kuzitambulisha kompyuta picha za vitu vya kila siku, kwa mtandao uliofundishwa kwa picha zaidi ya milioni moja. Tangu hapo wataalamu wa tiba nao wakaanza kuitumia njia hiyo kwa bidii. Hinton alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2024 pamoja na John Hopfield.

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Mtandao huu haujui ugonjwa ni nini. Haujui kuwa mbele yake yuko mtu, wala haujui kama mama wa mtu huyo alifariki kwa saratani. Unachokitoa ni namba. Maana ya namba hiyo, na hatua ya kuchukua, ni kazi ya binadamu.

JARIBIO LA SWEDEN

Je, safari hii mashine inasaidia kweli, au tutarudia yale ya mwaka 1998? Swali hilo ndilo lililowashughulisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lund, wakiongozwa na Dakta Kristina Lång. Nchini Sweden wanawake wa umri wa miaka 40 hadi 74 hualikwa kupigwa picha kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Mpango huo umekamilika, na kila picha husomwa na wataalamu wawili. Palikuwa basi ni mahali pazuri pa kuipima mashine.

Jaribio hilo, linaloitwa MASAI, lilianza kuandikisha wanawake mwezi Aprili mwaka 2021 na kumaliza mwezi Desemba mwaka 2022, katika vituo vinne. Wanawake zaidi ya 105,000 walishiriki. Waligawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, ili makundi yafanane kwa kila jambo isipokuwa namna picha zao zitakavyosomwa. Kundi moja lilisomewa picha na wataalamu wawili kama kawaida. Kundi la pili lilisaidiwa na kompyuta yenye programu iitwayo Transpara, iliyotengenezwa Uholanzi.

Msomaji aangalie vizuri jinsi kompyuta ilivyotumiwa, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Haikupewa kazi ya kuamua. Ilipewa kazi ya kupanga. Kila uchunguzi ulipewa alama kuanzia 1 hadi 10. Wanawake waliopata alama 1 hadi 9 walisomewa picha na mtaalamu mmoja. Waliopata alama 10, yaani wenye kutiliwa shaka zaidi, walisomewa na wataalamu wawili. Mahali palipotiliwa shaka pia paliwekewa alama ili mtaalamu apatazame. Hivyo hapakuwa na mwanamke hata mmoja ambaye picha yake haikutazamwa na binadamu. Kilichobadilika ni kwamba macho ya wataalamu yalielekezwa zaidi mahali palipokuwa na haja.

MATOKEO

Matokeo ya kwanza, yaliyohusu wanawake 80,000 hivi, yalitangazwa mwaka 2023, na ya washiriki wote mwaka 2025. Katika kundi lililosomewa kwa njia ya kawaida ziligunduliwa saratani 262, sawa na 5 kwa kila wanawake 1,000. Katika kundi lililosaidiwa na kompyuta ziligunduliwa saratani 338, sawa na 6.4 kwa kila wanawake 1,000. Makundi yote mawili yalikuwa na idadi iliyokaribiana sana ya wanawake, takriban 53,000 kila moja.

Ongezeko hilo halikuleta hofu nyingi zisizo na msingi, tofauti na chombo cha zamani. Wanawake walioitwa warudi na baadaye ikaonekana kuwa hawana saratani walikuwa asilimia 1.5 katika kundi la kompyuta na asilimia 1.4 katika kundi la kawaida. Kuhusu kazi ya wataalamu, kundi la kawaida lilihitaji usomaji mara 109,692, na kundi la kompyuta mara 61,248. Kazi ya kusoma ilipungua kwa asilimia 44.

Lakini kugundua saratani nyingi si lazima iwe faida. Ziko saratani za matiti zinazokua polepole mno hivi kwamba mwenye nazo angeishi maisha yake yote bila kudhurika. Mashine inayozifichua hizo tu ingewatia wanawake katika upasuaji na mashaka bure. Kwa hiyo watafiti waliuliza swali la pili, lililo gumu zaidi: je, zimepungua zile saratani zinazojitokeza katikati ya vipindi, yaani baada ya mwanamke kuambiwa kuwa hana neno na kabla ya zamu yake nyingine ya kupigwa picha? Saratani hizo mara nyingi ni kali, na ndizo wataalamu wanazoziogopa zaidi.

Jibu lilitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2026, baada ya wanawake hao kufuatiliwa kwa miaka miwili. Katika kundi la kawaida saratani za namna hiyo zilikuwa 1.76 kwa kila wanawake 1,000. Katika kundi la kompyuta zilikuwa 1.55. Kwa maneno mengine, njia mpya haikuwa duni kuliko ile ya zamani, na dalili ni kwamba ni bora kidogo. Jaribio hili halikukusudiwa kupima kama vifo vinapungua, na kwa hiyo si haki kulitaja kuwa limethibitisha jambo hilo.

Sweden haiko peke yake. Nchini Ujerumani, katika vituo 12 vya uchunguzi, picha za wanawake 463,094 zilisomwa kati ya mwaka 2021 na 2023, baadhi kwa msaada wa kompyuta na baadhi bila msaada huo. Waliosomewa kwa msaada wa kompyuta walikutwa na saratani 6.7 kwa kila 1,000, na wengine 5.7. Huko wataalamu walijichagulia wenyewe lini watumie mashine, na hivyo ushahidi wake hauna nguvu kama ule wa Sweden. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Chombo kizuri huweza kuharibu kazi kikitumiwa vibaya. Tahadhari tatu zinastahili kutajwa.

Ya kwanza ni uvivu wa jicho. Mtu akishazoea kusaidiwa huacha kutazama. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani waliwapa wataalamu 27 picha za matiti 50 wazipe daraja, wakiambiwa kuwa kompyuta imependekeza daraja la kila picha. Kwa makusudi, baadhi ya mapendekezo hayo yalikuwa ya uongo. Pendekezo lilipokuwa sahihi, wataalamu wenye uzoefu mdogo walipatia karibu mara 80 katika 100. Lilipokuwa la uongo, walipatia mara 20 tu. Hata wale wenye uzoefu mkubwa walishuka kutoka mara 82 hadi mara 45 hivi. Basi haitoshi kusema kwamba binadamu yupo. Lazima awe binadamu anayetazama kwa macho yake mwenyewe na mwenye ujasiri wa kuikatalia mashine.

Ya pili ni asili ya mifano. Binti aliyezoea mchele wa aina moja tu atababaika akipewa mchele mwingine, wenye punje za rangi na umbo asilolijua. Mtandao uliofundishwa kwa picha za wanawake wa Ulaya, zilizopigwa kwa mashine za aina fulani, huweza kukosea ukipewa picha za wanawake wengine na za mashine nyingine. Kosa hilo halipigi kelele. Mashine hutoa namba yake kama kawaida. Dawa yake ni kuupima mtandao kwa picha za wananchi wa mahali utakapotumika kabla ya kuutegemea.

Ya tatu ni dhamana. Mwanamke akiambiwa kuwa hana ugonjwa kumbe anao, ni nani wa kuulizwa? Mashine haiwezi kuitwa mbele ya baraza. Kila nchi itakayoingiza vyombo hivi haina budi kuamua jambo hilo mapema, na kuweka utaratibu wa kuhesabu makosa yake mwaka hadi mwaka.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Msomaji huenda anauliza: je, tununue mashine hizi? Ili kujibu yatupasa kwanza kutambua tofauti iliyopo kati ya hali ya Sweden na hali yetu.

Huko Sweden kompyuta ilitatua shida ya uhaba wa wasomaji. Mengine yote yalikuwapo tayari: mashine za kupigia picha, barua za mwaliko zinazomfikia kila mwanamke, maabara za kupima vipande vya nyama, na hospitali za kutibu. Katika nchi zetu nyingi hakuna bado mpango wa taifa unaowaita wanawake wote wasio na dalili wapigwe picha. Wagonjwa wengi hufika hospitalini uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, na ugonjwa umefikia hatua ya tatu au ya nne. Utafiti uliowafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi za Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika ya Kusini, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa nusu tu ya wanawake hao walikuwa hai baada ya miaka mitatu.

Wanawake hawa hawakukosa kompyuta ya kusoma picha. Wengi wao waliuona uvimbe kwa mikono yao wenyewe, miezi mingi kabla ya kupata tiba. Kilichowachelewesha ni umbali, gharama, hofu, kutojua, na kuzungushwa kutoka kituo hadi kituo bila kupata jibu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa nchi ambazo huduma zake za afya bado ni dhaifu zishughulikie kwanza ugunduzi wa mapema wa wale wenye dalili. Baadaye Shirika hilo likaweka malengo: angalau asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike katika siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao.

Hii haina maana kwamba sayansi hii haituhusu. La hasha. Nchi zetu zina madaktari wachache mno wa kusoma picha, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Pale penye mashine ya mamografia lakini hapana wa kuisoma picha kwa wakati, msaada wa kompyuta huweza kufupisha siku za kungoja. Lakini ili ufae, yatupasa tuanze sasa kuhifadhi vizuri picha zinazopigwa katika hospitali zetu pamoja na majibu ya vipimo vya hadubini, kwa kulinda siri za wagonjwa, ili vyombo vinavyoletwa vipimwe kwa wanawake wetu. Tena yatupasa tuwe na wanasayansi wetu wanaoelewa jinsi mitandao hii inavyofanya kazi, wasiolazimika kukubali kila wanaloambiwa na muuzaji.

Wakati huo huo kila msomaji anaweza kufanya jambo ambalo halihitaji mashine yoyote. Dalili za kuangalia ni uvimbe katika titi au kwapani, hata kama hauumi. Ngozi ya titi kuvutika au kuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoanza kuingia ndani. Majimaji yenye damu kutoka kwenye chuchu. Au titi moja kubadilika umbo. Kila uvimbe si saratani, na mwingi huwa hauna madhara. Lakini kujua ni upi, ni kazi ya kipimo. Aonaye dalili hizo aende kituo cha afya mapema, na akiambiwa arudi kwa kipimo zaidi, arudi.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mingi huweza kumsaidia mtaalamu kusoma picha za matiti, ikamwonyesha saratani ambazo zingempita na kumpunguzia karibu nusu ya kazi ya kusoma. Tumeona pia kwamba imefaulu kwa sababu ilipewa kazi inayoiweza, ikapimwa kwa makini kwa wanawake wenyewe, na ikawekwa katika utaratibu uliokwisha kukamilika kutoka barua ya mwaliko hadi kitanda cha hospitali.

Hilo ndilo la kuzingatia kabla ya kununua chochote. Mashine ya kusoma picha ni kiungo kimoja katika mnyororo mrefu. Haimfikishi hospitalini mwanamke aliye mbali, wala haimlipii nauli, wala haimtibu. Tukiviunga viungo vingine vyote, nayo itatufaa sana. Tusipofanya hivyo, itatuambia kwa usahihi mkubwa zaidi habari za ugonjwa tuliouchelewa.